Njia Iliyopita Mvua ya Mawe

Wifi yangu Saturnina Wamani anaitukana mvua ya mawe vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Nasema hivyo kwa fahari, maana hapa kwetu Chillkapata kuitukana mvua ya mawe ni kazi ya kuchaguliwa. Kila mwaka viazi vikianza kuota, kijiji kinamteua mtu mmoja, kinamkabidhi fimbo na kombeo, naye anahamia kwenye kibanda cha mawe juu ya mashamba mpaka siku ya kuvuna. Tunamwita arariwa, mlinzi wa mashamba. Anafukuza mbweha, anafukuza ng'ombe wa watu wasio na adabu, na wingu jeusi likichungulia juu ya mlima anatoka nje kulitukana kama mtu aliyemfumania mwizi ghalani. Mvua ya mawe ni mwizi, ndivyo tulivyolelewa.

Walinzi wa zamani walitukana kwa adabu adabu. Saturnina alikuwa anaanza na mama mzazi wa wingu, anateremka mpaka kwa vitukuu. Siku moja nilimpelekea supu nikamkuta amekauka sauti, nikamuuliza kama kweli anaamini lile wingu linasikia.

"Halisikii, wifi," akaniambia huku anafuta jasho. "Lakini moyo wangu unapoa, na nyinyi huko chini mnajua sijalala."

Kusema kweli fimbo ile haikuwa yake. Aliyechaguliwa alikuwa kaka yangu Melitón, mumewe, ila kabla hata ya kupanda kwenda kibandani alipigwa teke na nyumbu wa mizigo akavunjika mguu. Kazi ya kijiji ikishaangukia nyumba yako, nyumba lazima iitimize. Saturnina akafunga blanketi na sufuria mgongoni, akachukua fimbo, akapanda. Hakuna mwanamke aliyewahi kuishika kabla yake. Wanaume walicheka, na mimi nilicheka nao. Nilisema kaka yangu alioa mdomo, na sasa mdomo umepata ajira. Maneno hayo yalimfikia. Alinitumia salamu kwamba mdomo unashukuru, na kwamba supu ya juzi ilikuwa haina chumvi.

Kabla ya kuolewa alikuwa mpishi kwenye kituo cha kupimia hali ya hewa, kule juu kwenye njia ya kuvuka milima. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mpole wa mji wa Arequipa, na Saturnina alimuuliza maswali mpaka maskini yule akazoea kula chakula kilichopoa. Kwa nini kuna ngurumo? Kwa nini mwanga unafika kwanza, sauti baadaye? Kwa nini jalidi, ile baridi inayounguza majani, haiji usiku wenye mawingu? Mwanamume yule alimjibu yote, na akisema hajui, alisema hajui. Mpaka leo Saturnina anamtaja kwa heshima. Anasema bila yeye angekuwa bado anafunika vioo.

Habari ya vioo ndiyo iliyomkosanisha na mama yangu. Radi ikianza, mama alikuwa anakimbia na shuka kufunika kioo cha ukutani, maana kioo huita radi, na hilo kila mtu hapa analijua. Saturnina alimtazama mama anahangaika na shuka, huku kaka yangu akiwa amesimama uani, jembe begani, anaangalia mawingu. "Funika kioo, mama, si vibaya," alisema. "Lakini mwambie kwanza mwanao ashushe hilo jembe aingie ndani. Radi haitafuti sura yake. Inatafuta kitu kilichosimama juu kuliko vingine." Mama alinuna siku nzima, ila toka hapo kaka haachiwi kusimama uani.

Hata upinde wa mvua hakuuacha. Watoto wetu wanakatazwa kuunyoshea kidole kwa sababu kidole kitaoza. Yeye aliunyoshea vidole vyote kumi mbele yao, kisha jioni akawaita wamtazame akimenya viazi kwa vidole vile vile. Na jalidi alitufundisha kwa maneno ambayo sasa kila mtu hapa anayasema kama yake: mawingu ni blanketi, na usiku wa nyota nyingi usio na upepo ardhi inalala uchi. Mchana ukiwa mweupe na upepo ukitulia jioni, alipuliza pembe kule juu, nasi tulifungulia maji kwenye mifereji ya mashamba, maana maji yanatunza joto la mchana. Mwaka ule jalidi haikutuunguza. Watu wakaanza kumwita Mama Saturnina bila kucheka.

Basi ikaja mvua ya mawe.

Ilikuwa Februari, sikukuu ya Kanivali imekaribia, viazi vimechanua maua meupe na ya zambarau mlima mzima. Mchana wingu lilitokea upande wa ziwa Wallata, jeusi chini na jeupe juu, limepanda kama uji unaochemka. Tukasikia pembe ya Saturnina, kisha matusi yake, kisha hatukusikia tena kitu isipokuwa mabati. Ilipiga kwa muda wa kumenya sufuria ya viazi, ikaondoka. Nilipotoka nje, shamba la mzee Hermójenes Kori, linalotazamana na nyumba yetu, lilikuwa limelala chini lote, mashina yamevunjika, maua yamesagika kwenye matope. Ng'ambo ya kijia, shamba la mjane Asunta lilikuwa limesimama na maua yake, linatikisika kwa upepo utadhani hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nilijua watu watasema nini.

Mjane Asunta ana binti mmoja, Rufina. Rufina alikuwa amerudi kutoka Arequipa alikokuwa akifanya kazi za nyumbani. Alirudi kimya, amepauka, nguo zinamning'inia. Wanawake walinong'ona kwamba aliondoka kule na tumbo, akafika huku hana. Na kwetu tangu enzi za mababu inasemwa kwamba mwanamke akimzika kichanga kwa siri, bila jina wala maji ya ubatizo, kichanga hicho huita mvua ya mawe. Sasa mawe yamewapiga majirani na kuruka shamba la mama yake. Kwa mzee Hermójenes hapakuwa na la kuuliza. Mwizi anapita nyumba zote, anaacha ya mwenzake.

Na sheria yetu iko hivi: mawe yakiharibu mashamba, mlinzi anasimama mbele ya mkutano wa kijiji, anataja nyumba iliyoyaita. Nyumba ikitajwa, inafukuzwa kijijini na mashamba yake yanagawiwa wengine. Mlinzi akikataa kutaja, hatia ni yake, anachapwa kwa fimbo aliyoishika na nyumba yake inapoteza ardhi ya kijiji. Walinzi waliotangulia walitaja. Niliwahi kumwona nikiwa mdogo mwanamke mmoja akiondoka na wanawe na lama mmoja, mnyama wetu wa mizigo, hakuna aliyemuaga. Mwaka uliofuata mvua ya mawe ilinyesha kama kawaida, na hakuna aliyekwenda kumrudisha.

Mkutano ulikaa asubuhi yake, uwanja wa shule. Barafu ilikuwa bado nyeupe kivulini. Majani ya koka, tunayoyatafuna kila tunapokutana, yalizungushwa, kila mtu akimpa aliye karibu yake kwa mikono miwili, na mkono ulipofika kwa Rufina ulimruka ukaenda kwa mwingine. Mama yake aliinamisha kofia. Mimi nilikuwa mbali, na koka yangu ilikuwa imekwisha, sikuwa na cha kumpa.

Saturnina aliteremka akiwa na mzigo wa majani makavu mgongoni, macho mekundu, sauti hana. Mwenyekiti hakupata hata nafasi ya kufungua mkutano. Mzee Hermójenes alishasimama.

"Mama Saturnina, fimbo tulikupa sisi. Taja nyumba."

Saturnina alikaa chini, akaufungua mzigo taratibu. Ndani ya majani kulikuwa na sufu ya lama, na ndani ya sufu kulikuwa na jiwe moja la barafu, kubwa kama yai la njiwa. Alikuwa amelitunza kwenye ubaridi wa kibanda tangu jana. Akalikata kwa kisu katikati, akampa mzee nusu.

"Tazama ndani, mzee. Unaona nini?"

Mzee aligeuza geuza kile kipande. Jiwe lilikuwa na pete ndani ya pete, nyeupe, ya kioo, nyeupe tena, kama kitunguu. Nusu ya pili ilizunguka mkutanoni mkono kwa mkono, na Saturnina akaeleza kwa ile sauti yake iliyochakaa hivi kwamba ilibidi watu wanyamaze ili wasikie. Ndani ya wingu la namna ile, alisema, kuna upepo unaopanda kwa nguvu. Unabeba tone la maji mpaka juu kwenye baridi kali, tone linaganda. Linaanguka kidogo, linalowa, upepo unalirusha tena juu, linavaa nguo nyingine ya barafu. Panda, shuka, panda, mpaka linakuwa zito na upepo unalichoka. Ndipo linatuangukia.

"Limezaliwa kule juu na kuvishwa kule juu," alisema. "Hakuna mtu wa Chillkapata aliyeshika sindano."

Wengine waliitikia kwa kichwa. Lakini mzee Hermójenes alikuwa amepoteza viazi vya mwaka mzima, na mtu wa namna hiyo hatulizwi na kitunguu. Alisema barafu ni barafu, hata iwe na pete mia, na bado imelichagua shamba lake ikaacha la jirani. Kisha akaongeza la pili, ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Kijiji kilinunua fataki za kurusha kwenye wingu ili lipasuke. Mbona hazikurushwa? Zimelala kibandani kavu, kila mtu alizisikia jana za wenzetu wa kijiji jirani cha Hatunmayo zikilia, za kwetu hata moja.

"Kwa hiyo ama unataja nyumba," alisema, "ama ni wewe."

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu umefungwa mbao, na nilijua anachofikiria, maana ardhi ile ilikuwa ya baba yetu. Saturnina naye alimtazama. Kisha akasimama.

"Basi tuifuate," alisema. "Sote, kwa miguu, toka ilipoanza mpaka ilipoishia. Tukikuta mahali ilipokunja kona kutafuta nyumba ya mtu, au kukwepa nyumba ya mtu, nipigeni na fimbo yenu, na ardhi ya Melitón chukueni."

Watu waligeuka kwa kaka. Kaka aliokota magongo yake, akasema, "Twendeni." Kwa neno lile moja nilimsamehe mambo mengi ya utotoni.

Tukapanda. Njia ya mvua ya mawe ilionekana wazi, mkanda mmoja wa majani yaliyolala, pembeni kote kijani kimesimama. Tuliufuata kupita ukuta wa mwisho wa mashamba, kupita malisho ya lama, mpaka pale ambapo hata wachungaji hawaendi. Mkanda haukuyumba. Ziwani Wallata barafu ilikuwa imejaa kwenye bonde dogo, inafika magotini. Bata bukini wawili walikuwa wamekufa ukingoni, na juu kwenye miamba lama wa porini walisimama wakitutazama. Zaidi ya hapo majani yalikuwa yamesimama wima.

"Imeanzia hapa," Saturnina alisema. "Mzee Hermójenes, nani anakaa hapa? Hawa bata walificha nini?"

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia akacheka, na kicheko kikaenea. Mzee hakucheka. Lakini aliteremka pamoja nasi, na safari hii alikwenda mbele akitazama chini, hatua kwa hatua, akitafuta ile kona. Hilo nilimheshimu.

Tulirudi chini na mkanda. Ulipita katikati ya shamba la mtakatifu wetu, lile tunalolilima pamoja kwa ajili ya sikukuu yake. Lilikuwa limesagwa lote, na Saturnina aliuliza kama mtakatifu naye atafukuzwa. Ukapita kwenye shamba la mzee. Ukafika kwenye kijia. Hapo mzee Hermójenes alisimama muda mrefu, kwa sababu mpaka wa mkanda haukuwa kijia. Tulidhani tu. Matuta mawili ya mwisho ya mjane Asunta, yaliyo kando ya njia, yalikuwa yamevunjika kabisa, na sisi wote tulikuwa tumepita hapo tangu jana bila kuyaona. Mwenye shamba mwenyewe hakuthubutu kuyalilia.

Tukavuka kijito kuingia Hatunmayo. Wenzetu wa kule walikuwa nje, nao wanatafuta wa kwao wa kulaumu, walishaanza kumtazama vibaya bibi mmoja anayeishi peke yake. Mlinzi wao alitupokea mkono umefungwa kitambaa, fataki imemuunguza. "Tumerusha zote," alisema. Hakuwa na haja ya kusema. Vijiti vya fataki vilikuwa vimetapakaa kwenye matope, vyeusi, katikati ya viazi vilivyopondeka na barafu. Saturnina aliokota kimoja, akampa mzee Hermójenes. Mbele kidogo, ng'ambo ya mto, mkanda uliisha kwenye mawe matupu.

Pale mtoni tulikaa kupumzika, vijiji viwili pamoja.

"Lama akipita na gunia lililotoboka," Saturnina alisema, "mahindi yanamwagika njia nzima aliyopita. Hakuchagua. Anatembea tu. Na wingu linatembea tu."

Mzee Hermójenes alikizungusha kile kijiti mkononi. Alipozungumza alizungumza polepole, na sikusikia tena ugomvi.

"Kwa hiyo yule binti hakuzika kitu?"

Rufina alikuwa amekaa karibu, anasikia. Alitazama maji. Mimi nilimtazama Saturnina, kwa sababu nilijua angeweza kusema hapana, na neno hapana lingemaliza kesi.

"Sijamuuliza, na sitamuuliza," Saturnina alisema. "Kama alipoteza mtoto, huo ni msiba, mzee. Tulitakiwa twende kumpa pole. Hatukwenda. Mvua ya mawe haimhusu."

Kisha akatoa koka yake, ile aliyobakiwa nayo, akampa Rufina kwa mikono miwili. Rufina akaipokea kwa mikono miwili. Akalia, na mama yake akalia, na nikasikia kina mama wengine wakivuta pua. Mimi sikulia. Nilikuwa nimejaa fahari, sikuwa na nafasi ya machozi. Nilitaka kuwaambia watu wote wa Hatunmayo kwamba huyu ni wifi yangu, ni wa nyumba yetu, hata supu yake huwa nampelekea mimi.

Mzee Hermójenes hakuomba radhi siku ile, wala baadaye. Si mtu wa kuomba radhi. Lakini wakati wa kuvuna alikuja mapema kwenye shamba la mjane Asunta na jembe lake, akaanza na yale matuta mawili ya kando ya njia, akachimba kilichobaki mpaka kikaisha. Asunta alimpa supu, akainywa.

Mwaka uliofuata mkutano ulipokaa kuchagua mlinzi, mguu wa kaka yangu ulishapona. Hakuna aliyeuliza habari ya mguu. Walimchagua Saturnina kwa jina lake mwenyewe, na fimbo mwenyekiti alimkabidhi yeye mbele ya mumewe. Kaka alipiga makofi kuliko wote. Fataki waliwaachia watoto wazirushe siku ya Kanivali.

Na mwezi wa Januari mvua ya mawe ilikuja tena, maana hiyo haimtaki mtu shauri. Safari hii ilipiga upande wa magharibi, mashamba yetu yakiwemo. Tulikusanyika uwanja wa shule, matope miguuni, wenye hasara wamekunja nyuso, na mimi nikiwa mmoja wao. Nilijikuta nawatazama watu mmoja mmoja, na kila mtu nilimwona anafanya vilevile. Mazoea hayafi upesi.

Mzee Hermójenes alisimama kwanza, kama kawaida yake. Alikohoa.

"Imeanzia wapi?" akauliza.

Kisha Rufina, aliyekuwa malishoni na lama mchana ule, akajibu kutoka nyuma ya mkutano.

"Juu ya miamba, mzee. Nimeiona mwenyewe inaanza."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akakaa. Koka ikazunguka, ikamfikia kila mtu.